Shahada ya Michezo na Mtoto Anayechaguliwa Mwisho

Kila aliyepita shuleni anaijua picha hii. Mwalimu wa michezo anapuliza filimbi, anateua manahodha wawili na kuwaambia wapange timu. Manahodha wanaanza kuita: wewe, na wewe, njoo huku. Walioitwa mapema wanakimbilia upande wao wakipigana mabega. Kundi linapungua, linapungua, wanabaki watatu, kisha wawili, kisha mmoja ambaye haitwi hata kwa jina. Anaambiwa tu aende kwenye timu yenye upungufu. Mwalimu amesimama pembeni na saa yake mkononi. Kwake mambo yamekwenda vizuri, maana timu zimepatikana upesi na mchezo unaweza kuanza.

Nimeanza na mtoto huyo kwa sababu nina shaka kubwa kuhusu namna vyuo vikuu vinavyowaandaa walimu wa elimu ya viungo na makocha, na shaka yangu yote inamzunguka yeye. Mwanachuo anayejiandikisha kwa shahada hii, karibu kila mara, hakuwahi kuwa mtoto wa mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Michezo ilimkubali mapema, ikampa marafiki, ikampa jina, akaona ni haki aifanye kuwa kazi ya maisha. Hilo si kosa hata kidogo. Tatizo ni kwamba kazi yenyewe itamkabidhi watu wengi zaidi wanaofanana na yule aliyebaki peke yake kuliko wanaofanana na yeye.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayoutoa mwili jasho. Kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2016, asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho. Katika kila vijana watano, wanne na zaidi wamekwishajitenga na uwanja au hawakuwahi kukaribishwa. Hao ndio darasa. Wanaofikia timu ya shule ni wachache, wanaofikia timu ya taifa ni wa kuhesabu kwa vidole, ila mitaala mingi ya fani hii ukiisoma utadhani hao wachache ndio wote.

Mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza mwaka 1975 jambo linaloutofautisha ualimu na kazi nyingine. Anayeingia chuo cha ualimu ameshawatazama walimu wakifanya kazi kwa takribani saa 13,000 tangu utotoni. Hakuna anayeanza kusomea upasuaji akiwa ametazama upasuaji kwa saa elfu kumi na tatu. Lakini ametazama akiwa amekaa upande wa mwanafunzi: alisikia filimbi, hakuliona andalio la somo, aliliona zoezi, hakuzijua sababu za kulichagua. Kwa mwanamichezo, juu ya saa hizo kuna nyingine za jioni na za mwisho wa juma alizokaa na kocha wake. Ndiyo maana anafika chuoni akiwa na mwalimu kamili kichwani, na anachotaka ni kuwa kama huyo. Chuo kina miaka mitatu au minne ya kuihoji picha hiyo. Kikishindwa, kitakuwa kimempa mtu cheti cha kurudia alichofanyiwa.

Mwanachuo mmoja alinifundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Nilikwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa mchezaji hodari wa mpira wa mikono, na somo lilikuwa kurusha mpira golini mchezaji akiwa ameruka hewani. Akawaonyesha watoto: hatua tatu, akaruka, mwili ukajikunja, mpira ukatua kwenye kona ya goli. Ilipendeza kuitazama. Akauliza, "Mmeelewa?" Wote wakajibu ndiyo. Hakuna aliyeweza. Akaonyesha tena, safari hii akaruka juu zaidi. Wakashindwa tena. Baada ya kipindi akanijia uso umemshuka, akasema, "Mwalimu, watoto hawa ni wagumu." Sikubishana naye. Nilimpa mpira nikamwambia arushe vilevile kwa mkono wa kushoto. Hatua zikamgongana, akarukia mguu usio wake, mpira ukaenda chini kama jiwe lililomponyoka. Ni vilevile walivyokuwa wakirusha watoto. Akanyamaza kwa muda, kisha akarudia kwa kushoto polepole, mara ya pili, mara ya tatu, akijisemea kwa sauti ya chini: mguu huu kwanza, kiwiko juu, kiuno kigeuke. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakitafutia maneno kitu ambacho mwili wake ulikuwa umekijua kwa miaka bila kuulizwa. Kipindi chake kilichofuata kilianza na watoto wakiwa wamesimama, bila hatua wala kuruka, wanajifunza kugeuza kiuno tu.

Umahiri wa mchezaji hujificha ndani ya mwili. Kadiri anavyokuwa bora, ndivyo anavyosahau jinsi alivyojifunza. Shahada ya ualimu wa michezo, kwa maoni yangu, inaanza siku mwanachuo anapogundua kwamba anachokijua hawezi kukieleza.

Fani hii yenyewe haikutoka kwenye mashindano. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi ya viungo huko Hasenheide, Berlin, na mwaka 1813 Per Henrik Ling akaanzisha Stockholm taasisi ya kuandaa walimu wa mazoezi hayo, ambayo hadi leo ni chuo cha elimu ya juu cha michezo. Martina Bergman-Österberg, aliyesomea kwenye taasisi hiyo, alifungua London mwaka 1885 chuo cha kuwaandaa wanawake kuwa walimu wa somo hili, na mwaka 1895 akakihamishia Dartford. Sisemi ilikuwa elimu ya upole. Ilijaa mistari, amri na hesabu za kijeshi, na wengi wa waanzilishi walikuwa wakiwaza askari kabla ya kuwaza mtoto. Lakini ilikuwa na wazo moja ambalo sasa tunalipoteza: kwamba mwili wa kila mwanafunzi ni jukumu la mwalimu, awe mwepesi au mzito, awe anapenda au hapendi.

Ukocha uliingia kwa mlango mwingine. Ulitoka kwenye vilabu, ambako mchezaji aliyezeeka alikabidhiwa filimbi akawafundisha vijana yale aliyofundishwa. Ulikuwa ujuzi wa mkono kwa mkono, kama useremala. Vyuo vikuu vilipokuja kuviunganisha vitu hivi viwili chini ya shahada moja, vilikuwa vinawaoanisha watu wenye wajibu unaopingana. Mwalimu wa elimu ya viungo hana ruhusa ya kumwacha mtu. Kocha wa mashindano analipwa ili achague, na kuchagua ni kuacha.

Kisha ukaja msukosuko wa miaka ya 1960. James Conant, aliyewahi kukiongoza Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika mwaka 1963 kwamba vyuo vikuu vingefanya vyema kuzifuta shahada za juu za elimu ya viungo, kwa kuwa hakuona humo elimu ya kiwango hicho. Mwaka uliofuata Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akajibu kwamba mwendo wa mwili wa binadamu unastahili kuwa taaluma kamili, inayochota kwenye anatomia, fiziolojia, fizikia, saikolojia na sosholojia. Jibu lake lilishinda. Idara zikabadili majina, maabara zikajengwa, mashine za kukimbilia zikafungwa, machapisho yakaongezeka. Faida yake ilikuwa kubwa, na nitaitaja hapa chini. Lakini kuna kilicholipiwa. Ufundishaji, ambao ndio uliokuwa moyo wa fani, ukasogezwa pembeni kama jambo la watu wasioweza sayansi. Leo unaweza kukutana na mhitimu anayekueleza hatua kwa hatua jinsi misuli inavyotengeneza nishati, halafu ukampa watoto thelathini na mipira mitatu akawapanga foleni tatu.

Tuzipigie hesabu foleni hizo, kwa sababu nyuma yake ndiko mtoto wetu anakojificha. Foleni moja ina watoto kumi. Kila mtoto akichukua sekunde 15 kukimbia, kurusha na kurudi, basi anasubiri dakika mbili na robo kabla ya zamu yake nyingine. Ondoa muda wa kubadili nguo, kuhesabu majina na kutoa maelezo. Tuseme zimebaki dakika 20 za mazoezi. Kila mtoto atapata zamu nane. Nane mara sekunde 15 ni dakika mbili. Katika kipindi kizima amefanya mazoezi dakika mbili, na kumi na nane amesimama. Na hapo nimemhesabia yule mwenye nidhamu. Asiyejiamini hujua ufundi wa kurudi nyuma kimyakimya kila foleni inaposogea. Nimewaona wanaomaliza kipindi bila kuugusa mpira hata mara moja, na mwalimu hajui, kwa kuwa ukitazama kwa mbali kila kitu kinakwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Daryl Siedentop na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitengeneza njia ya kuupima muda ambao mtoto anafanya kweli zoezi linalomfaa, tena kwa mafanikio. Kipimo hicho kilitakiwa kiwe mkononi mwa kila mwanachuo tangu muhula wa kwanza. Kinahitaji saa, karatasi na macho.

Nilisema sayansi imeleta faida kubwa, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanaodhani kwamba ukocha hujifunzwa uwanjani tu na kwamba darasani ni kupoteza muda. Siwaungi mkono, na sababu yangu moja kubwa ni hii: uwanja humdanganya anayeutazama.

Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwapa watu kazi ya kujifunza mienendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilirudia mwendo wa kwanza mpaka likamaliza, likaenda wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa yote bila mpangilio. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa bora, kama mtu yeyote angetarajia. Walipojaribiwa baadaye, matokeo yakapinduka: waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamekumbuka. Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill walilipeleka swali hilo kwenye mchezo halisi, wakawafundisha wanaoanza badmintoni aina tatu za pigo la kuanzisha mchezo. Waliofanya mazoezi kwa kuchanganya waliwashinda wenzao kwenye jaribio la baadaye, na pia walipotakiwa kuanzishia upande wa pili wa uwanja ambao hawakuwa wameuzoea.

Kocha asiyejua hili ataongozwa na macho yake kwenda mahali pasipo. Ataona zoezi la kurudiarudia likinyooka mbele yake, atafurahi, wazazi watafurahi, bosi wa klabu atasema timu ina mpangilio. Siku ya mechi yale yaliyonyooka yatapotea, naye atasema vijana wana woga. Mazoezi yanayofundisha kweli mara nyingi yana vurugu na makosa mengi, na huyaoni matunda yake siku hiyohiyo. Mtu hawezi kuligundua hili kwa kusimama uwanjani miaka ishirini, kwa sababu kila siku ya miaka hiyo ishirini uwanja utamwonyesha kinyume chake. Lazima mtu amfundishe kutoyaamini macho yake, na kazi hiyo ni ya chuo kikuu.

Ndivyo ilivyo pia kwa koni. Kupiga chenga kati ya koni ni zoezi linalopendwa duniani kote, na mtoto anaweza kulifanya kwa umaridadi mkubwa. Koni haikabi. Haisogei, haidanganyi, haikulazimishi uamue kama utoe pasi au uendelee. Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walieleza walichokuwa wakikiona shuleni: watoto wanamaliza masomo wakiwa na ufundi wa vipande vipande wasiojua wautumie lini, na wale wasio na ufundi wanamaliza wakijua tu kwamba hawawezi. Wakapendekeza somo lianzie kwenye mchezo wenyewe, uliopunguzwa uwanja, watu na sheria, ili mtoto akutane kwanza na tatizo kisha autafute ufundi wa kulitatua. Watatu kwa watatu kwenye eneo dogo, hakuna pa kujificha na hakuna anayesubiri. Miaka zaidi ya arobaini imepita. Wazo hilo linafundishwa vyuoni, linatoka kwenye mitihani, wanachuo wanapata alama za juu kwa kulieleza, kisha wanakwenda shuleni na kupanga koni. Picha ya zile saa 13,000 ina nguvu kuliko somo la muhula mmoja.

Hapa hunijia pingamizi moja kila ninapozungumza na makocha: mbona makocha wakubwa wengi hawakusomea fani hii? Ni swali la haki. John Wooden, aliyekipa Chuo Kikuu cha UCLA ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani mara 10 katika misimu 12, alikuwa mwalimu wa lugha ya Kiingereza. Colm O'Connell, aliyemlea David Rudisha mpaka akakimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, alikwenda Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Na waliosoma fani yenyewe? José Mourinho alisomea sayansi ya michezo Lisbon akafundisha elimu ya viungo shuleni. Louis van Gaal alikuwa mwalimu wa somo hilohilo kwa miaka mingi huku akicheza mpira.

Watazame wote wanne kwa pamoja. Wawili hawakusomea michezo, wawili walisomea. Kinachowaunganisha ni darasa. Kila mmoja alisimama, kabla ya umaarufu, mbele ya vijana ambao hakuwachagua yeye, ambao wengine hawakutaka kuwepo, akalazimika kutafuta njia ya kuwafikisha. Pingamizi hilo, ukilifuata hadi mwisho, halithibitishi kwamba chuo hakina kazi. Linaonyesha ni sehemu gani ya chuo iliyo na kazi.

Kwa bahati nzuri, katika msimu wa 1974–75 wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa kwenye viti vya ukumbi wa mazoezi wa UCLA wakaandika kila tendo la ufundishaji la Wooden. Walikusanya matendo 2,326. Walitarajia hotuba za kutia moyo, karibu hazikuwepo. Sifa zilikuwa takribani asilimia 7, na karipio vivyo hivyo. Robo tatu ya yote aliyoyasema yalikuwa maelezo: fanya hivi, kwa namna hii, wakati huu. Maneno machache, mafupi, yanamfikia mchezaji mmoja kisha zoezi linaendelea. Kila kipindi alikuwa amekipanga kwa dakika na kukiandika kwenye kadi ndogo. Mwanachuo akiisoma taarifa ile baada ya kukaa miaka kadhaa akiamini kwamba kocha ni sauti, kitu fulani hugeuka ndani yake. Ningependa kila programu ya ukocha iwatume wanachuo wafanye kama Tharp na Gallimore: wakae pembeni ya mazoezi ya mtu mwingine wakiandika kila neno, kisha wenzao wawaandike wao. Kujisomea maneno yako mwenyewe kwenye karatasi kunauma. Wengi hugundua kwamba nusu ya waliyosema ni "haya, haya, twende" na "vizuri sana" iliyomwendea yeyote na hakuna.

Nirudi kwenye kuchagua, maana ndipo mwalimu na kocha wanapokwaruzana ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika mpira wa magongo wa barafu wa Kanada, wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi kupita kiasi. Makundi ya umri yalikatwa tarehe 1 Januari, hivyo mtoto wa Januari alikuwa na karibu mwaka mzima zaidi ya mtoto wa Desemba aliyepangwa naye. Kocha aliona kipaji. Alichokuwa anakitazama ni kalenda. Ongeza balehe. Wasichana kwa wastani hukua kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana 14 hivi, lakini wastani huo unaficha tofauti za miaka kadhaa kati ya mtoto na mtoto. Wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kusimama pamoja, mmoja akiwa na mwili wa mtu mzima na mwingine bado mtoto kabisa. Wa kwanza anaitwa kwenye timu, anapata kocha bora, mechi na sifa. Wa pili anarudi nyumbani. Baada ya miaka mitatu anakuwa amemfikia mwenzake kwa kimo, ila miaka hiyo mitatu ya mazoezi hakuipata, na pengo hilo sasa tunaliita ukosefu wa kipaji. Ualimu na ukocha hukutana hapahapa. Kocha anayeshindwa kusubiri anaharibu hata ushindi wake wa kesho, na subira hiyo ni maarifa, tena yenye namba zake.

Wahitimu wengi watafanya kazi zote mbili: vipindi asubuhi, timu ya shule jioni. Hatuwaambii mapema vya kutosha jinsi mizani inavyoinama. Hakuna mkuu wa shule anayemwita mwalimu ofisini kumshukuru kwa kuwa watoto wote wa darasa moja sasa wanaweza kuogelea. Timu ikifungwa, ataitwa. Ikishinda kombe, picha itatundikwa ukutani. Taratibu, bila mtu kumshawishi, anaanza kuyahifadhi maandalizi yake kwa ajili ya jioni, na asubuhi anawatupia mpira watoto akakaa kivulini kupanga kikosi. Watafiti wa Marekani walikuwa wakiuandika mgongano huu tangu miaka ya 1970. Sijaona tiba yake nyingine zaidi ya kumwambia mwanachuo ukweli mapema, tena kwa mifano, kabla hajaajiriwa.

Kuhusu usalama sina mjadala wala subira. Moyo wa mchezaji ukisimama ghafla uwanjani na hakuna anayemshindilia kifua, nafasi yake ya kuishi hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kifaa cha kuushtua moyo. Kushindilia kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika ni jambo ambalo mikono ya mhitimu inatakiwa ilijue kama inavyojua kufunga kamba za viatu. Mchezaji aliyechanganyikiwa kwa joto, mwili wake ukipita nyuzi 40 za selsiasi, hupoozwa kwa maji baridi kwanza, kisha ndipo apelekwe hospitali. Anayekimbilia gari kwanza anampotezea dakika zinazomwokoa. Na ulinzi wa mtoto dhidi ya watu wazima wabaya usiwe mhadhara mmoja wa Ijumaa mchana. Mwaka 2018 zaidi ya wanawake na wasichana 150 walisimama mahakamani au kutuma ushahidi wao dhidi ya Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya gimnastiki ya Marekani, kwa unyanyasaji wa kingono. Baadhi yao walikuwa wamesema mapema kwa watu wazima waliowaamini, makocha wakiwemo, na hawakusikilizwa. Mwanachuo anatakiwa aondoke chuoni akijua atamsikiliza vipi mtoto, ataandika nini na atampelekea nani.

Kwa kijana anayefikiria kujiunga, nina maneno machache. Usidhani shahada itakupa leseni ya ukocha. Mashirikisho ya michezo hutoa leseni zao kwa ngazi na mitihani yao, na mara nyingi utalazimika kuvifuata vyote viwili. Usikichague chuo kwa sababu ya bwawa lake au maabara yake. Uliza ni mwaka gani utakutana na watoto kwa mara ya kwanza, ni saa ngapi kwa muhula, na nani atakaa pembeni kukutazama. Ukijibiwa kwamba utawaona mwaka wa mwisho, kwa wiki chache, basi ujue miaka mingine yote watakuwa wanakupa anatomia bila mtu ndani yake.

Na kwa wenzangu tunaofundisha vyuoni, nina pendekezo moja la mtihani wa mwisho wa vitendo. Tuuache ule wa mwanachuo kuruka, kukimbia na kurusha mbele ya jopo; tulishajua anaweza tangu siku anajiandikisha. Tumpe watoto thelathini asiowajua, mipira mitatu na dakika arobaini. Kabla filimbi haijapulizwa, mtahini awatazame watoto wanavyoingia uwanjani, na kimyakimya amchague mmoja: yule anayetembea nyuma ya wenzake, anayevuta mikono ya sweta, anayesimama karibu na mlango. Mwanachuo asiambiwe ni nani. Kisha kwa dakika zote arobaini mtahini asimwangalie mwanachuo hata mara moja. Amwangalie mtoto huyo, na kila anapougusa mpira, apige kistari kimoja kwenye karatasi.